Filamu ya katuni kwa kompyuta ya bei nafuu: mwongozo kamili kwa watengenezaji wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria

Kosa linaloua filamu nyingi za nyumbani hapa Mwanza si kununua kompyuta dhaifu, bali ni kuanza kuchora kabla ya kuhesabu. Kijana hupata hadithi nzuri ya dakika ishirini, hupakua programu, hutengeneza kipande cha kwanza kwa moyo wote, na baada ya miezi mitatu huwa na sekunde arobaini za picha pamoja na mashine anayoilaumu kila siku. Mashine hiyo haina kosa. Imebebeshwa mzigo ambao haukupimwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na katika kazi hii mali yenyewe ni fremu, yaani picha moja moja zinazojenga filamu.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na daftari. Hesabu ndiyo itakayotuchagulia kompyuta, na kompyuta ndiyo itakayotuonyesha namna ya kuchora. Mfano nitakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni filamu ya dakika tatu kuhusu binti anayemsubiri baba yake, mvuvi wa dagaa, katika mwalo wa Igombe, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, usiku usio na mwezi. Nimeuchagua mfano huo kwa sababu kila anayeishi kando ya Ziwa anaujua, na kwa sababu nyingine ya kiufundi itakayoonekana mbele.

Studio ya nyumbani si jambo geni. Kompyuta ya Amiga 1000, iliyotolewa na kampuni ya Commodore ya Marekani mwaka 1985, ilitoka kiwandani na kumbukumbu ya kilobaiti 256 tu, na ilipofika mwaka 1990 kifaa kilichoitwa Video Toaster kiliziwezesha kompyuta za ukoo huo kufanya kazi za televisheni ambazo kabla yake zilihitaji mitambo ya gharama kubwa sana. Kompyuta ya ofisini yenye RAM ya GB 8, ambayo leo inauzwa kama mtumba, ina kumbukumbu mara 32,768 zaidi ya ile ya 1985. Na mwezi Machi 2025 filamu ya Flow, iliyoongozwa na Gints Zilbalodis wa Latvia, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya katuni ikiwa imetengenezwa kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote anaipakua bila kulipa. Wenzetu hao walikuwa na timu na fedha ambazo sisi hatuna, lakini programu ni hiyo hiyo utakayoiweka kwenye mashine yako.

Daftari la fremu

Filamu huonyeshwa kwa fremu 24 kila sekunde. Vituo vya televisheni vya kwetu, vilivyorithi mfumo wa PAL, hutumia 25, kwa hiyo kama kazi yako inakwenda televisheni uliza kwanza kabla ya kuanza, kwa sababu kubadilisha baadaye huharibu ulaini wa mwendo. Sisi tutumie 24. Dakika tatu ni sekunde 180, na sekunde 180 ni fremu 4,320. Katika katuni ya kuchorwa kwa mkono, mchoro mmoja hushikwa kwa fremu mbili, hivyo michoro inayohitajika ni 2,160. Desturi hiyo ni ya tangu enzi za karatasi, na mtazamaji haoni upungufu isipokuwa pale mwendo unapokuwa wa kasi mno, kama mkono unaporusha kamba.

Sasa igawe filamu katika vipande. Kipande ni picha isiyokatwa, tangu kamera inapofunguliwa hadi inapofungwa. Filamu yetu ina vipande 30 vyenye wastani wa sekunde sita, na kila kimoja kina fremu 144. Kompyuta ya nyumbani hutumiwa na watu mchana. Muda wake wa kurenda, yaani kuikokotoa kila fremu na kuihifadhi kama picha iliyokamilika, ni usiku. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa nane, ambazo ni sekunde 28,800. Gawanya kwa fremu 144 na utapata sekunde 200.

Iandike namba hiyo kwenye karatasi na uibandike ukutani. Sekunde 200 ndiyo bajeti ya fremu moja. Kipande ambacho fremu yake inarendwa kwa sekunde 200 au chini kitakuwa tayari asubuhi, na filamu nzima itakamilika kwa usiku 30. Kipande ambacho fremu yake inachukua dakika kumi kitaimeza mashine kwa usiku watatu, na vikiwa vyote 30 vya namna hiyo utahitaji miezi mitatu ya kurenda peke yake, kabla ya kurekebisha kosa hata moja. Umeme nao unahesabika: kompyuta inayovuta wati 120 kwa saa nane hula uniti 0.96 kwa usiku, yaani karibu uniti 29 kwa kazi nzima. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa kwenye LUKU yako, na ongeza kiasi hicho kwenye gharama za filamu kama unavyoongeza nauli.

Namba ya sekunde 200 ikikushinda, punguza ukubwa wa picha kabla ya kupunguza hadithi. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, na ya 1280 kwa 720 ina pikseli 921,600, chini ya nusu. Filamu itakayotazamwa zaidi kwenye simu haitapoteza kitu cha maana kwa ukubwa huo wa pili.

Kununua kwa mtumba

Ninashauri kompyuta ya mezani ya ofisi iliyotumika, badala ya kompyuta mpakato ya bei hiyo hiyo. Kompyuta mpakato ina betri, na hilo ni jambo kubwa penye umeme wa kusuasua, lakini ikifanya kazi ya saa nane kila usiku hupata joto, hujipunguzia kasi yenyewe, na ikiharibika vipuri vyake ni vigumu kupatikana. Ya mezani hufunguliwa kwa bisibisi moja na kila sehemu yake hubadilishwa.

Tafuta prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha nane kama mfuko unaruhusu, kwa kuwa kuanzia kizazi hicho nyingi ya i5 za mezani zina koa sita, yaani vitengo sita vya kukokotoa, na Windows 11 inazikubali. Kama mfuko hauruhusu, usikate tamaa. Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine za kizazi cha nne hadi cha saba, ambazo ofisi zinaziondoa kwa sababu hiyo, bado zina nguvu ya kutosha zikiwekewa Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. RAM iwe GB 16 ikiwezekana, na iwe vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu kadi ya picha iliyo ndani ya prosesa hutumia RAM hiyo hiyo, na njia mbili huipa kasi zaidi. Diski ya kuwashia mashine iwe SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, hata ndogo. Diski ya zamani ya kuzunguka iwe ghala la picha zilizokamilika.

Kuhusu kadi ya picha, angalia kwanza ukubwa wa boksi. Maboksi membamba ya ofisi hupokea kadi fupi tu, na mfumo wao wa umeme ni mdogo. Nafasi ya kadi kwenye ubao mama hutoa hadi wati 75, hivyo tafuta kadi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. GTX 1650 ya umbo fupi, yenye kumbukumbu ya GB 4, huingia katika maboksi mengi ya namna hiyo na Blender huitumia vizuri. Ikiwa fedha inatosha kitu kimoja kati ya kadi na kifaa cha UPS, yaani betri inayoishikilia kompyuta umeme unapokatika, nunua UPS kwanza. Kadi huongeza kasi ya kazi. UPS huzuia kazi kupotea.

Unapokwenda dukani, beba flashi yenye Linux Mint inayojiwasha bila kusakinishwa, pamoja na Blender ndani yake. Mwambie muuzaji kwa adabu, "Kaka, naomba niiwashe kwa flashi yangu niipime dakika ishirini." Muuzaji mwaminifu atakubali. Anzisha kurenda picha yoyote nzito, kisha weka kiganja nyuma ya boksi. Upepo wa joto unaotoka kwa mfululizo ni dalili njema. Mashine inayojizima, au feni inayolia kama debe la kokoto, iache dukani.

Mashine ya mtumba ikifika nyumbani, ifungue kabla ya kuiwasha. Mimi nilipofungua ya kwanza, feni ya prosesa ilikuwa imefunikwa na kitu kama blanketi la kijivu, na juu yake kulikuwa na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi jioni na kufuata taa, wamekaukia kwenye vichuma vya kupozea. Nilivitoa kwa brashi ya rangi iliyokauka, nikafuta mafuta ya zamani ya kupitishia joto juu ya prosesa kwa pamba na spiriti, nikapaka mapya kiasi cha punje ya choroko. Sauti ya feni ilishuka siku hiyo hiyo. Rudia usafi huo kila baada ya miezi michache, na usiweke mashine chini ya taa karibu na dirisha lisilo na wavu.

Sauti hutangulia picha

Watu wengi hurekodi sauti mwishoni. Fanya kinyume chake, kwa sababu urefu wa maneno ndio unaoamua urefu wa kipande, na fremu zisizohitajika ni usiku uliopotea.

Simu ya kawaida inatosha ikiwa umeishika shibiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isiipige. Chumba ndicho tatizo. Nyumba zetu zina kuta tupu na bati juu, na sauti hugonga na kurudi. Fungua kabati la nguo, mweke msomaji akitazama nguo, tandika godoro nyuma yake na funika kichwa chake pamoja na simu kwa blanketi. Rekodi saa tisa au saa kumi usiku, kabla ya adhana, jogoo na bodaboda, na usirekodi kabisa mvua ikinyesha kwenye bati, kwa kuwa sauti hiyo haiondoki kwa programu yoyote bila kula na sauti ya mtu. Kabla ya kuzima, nyamazeni wote kwa nusu dakika na urekodi ukimya wa chumba; utautumia kuziba mapengo unapohariri katika programu ya sauti ya Audacity. Sauti za mwalo, yaani maji yanayopiga mbao za mtumbwi, akina mama wakigeuza dagaa juu ya nyavu za kuanikia, korongo wakigombania mabaki, zirekodi siku nyingine mahali penyewe.

Sasa chora vipande vyote 30 kwenye karatasi, kila kimoja mchoro mmoja wa haraka, vipige picha kwa simu, na uvipange juu ya sauti katika programu ya kuhariri kama Kdenlive au Shotcut. Tazama dakika zote tatu. Kipande kinachochosha kikiwa mchoro kitachosha pia kikiwa kimerendwa. Katika filamu yetu, baba alikuwa na kipande cha kuwasha injini cha sekunde kumi na nne. Kwenye storibodi hiyo, yaani ile michoro iliyopangwa juu ya sauti, ilionekana wazi kuwa sekunde nne zinatosha, kwa kuwa sauti ya injini inasema yote. Tuliokoa fremu 240 bila kuwasha Blender.

Kikaragosi cha vipande

Kuchora michoro 2,160 kwa mkono kunawezekana, lakini kwa mtu mmoja mwenye kazi nyingine ya mchana ninashauri kikaragosi cha vipande: mhusika anachorwa mara moja, viungo vyake vikitenganishwa, kisha vinasogezwa. Chora katika Krita, sogeza katika Blender, na hivyo utakuwa na programu mbili tu za kujifunza. Krita pia inaweza kutengeneza katuni yenyewe, ila huweka fremu zake kwenye RAM, kwa hiyo ukiitumia, usizidishe kipande kimoja katika faili moja.

Tuchukue mkono wa kulia wa baba. Una vipande vitatu: mkono wa juu, kigasha na kiganja, kila kimoja kwenye tabaka lake. Siri iko kwenye kiwiko. Mwisho wa mkono wa juu na mwanzo wa kigasha vichore vyote viwili kwa umbo la duara lenye upana ule ule, kisha viweke duara juu ya duara. Mkono ukikunjwa, duara moja litazunguka juu ya jingine na pengo halitafunguka. Ukichora ncha za mraba, mkono utavunjika kama kijiti kila unapokunjwa. Hamisha kila tabaka kama picha ya PNG yenye usuli wazi, iingize Blender kama bapa, yaani umbo tambarare kama karatasi, na weka kitovu cha mzunguko cha kila bapa katikati ya ile duara. Kisha kifanye kiganja mtoto wa kigasha, na kigasha mtoto wa mkono wa juu, ili ukizungusha bega vyote vifuate. Kazi ya mikono yote miwili huchukua mchana mmoja, na mikono hiyo utaitumia filamu nzima.

Kwenye midomo, lugha yetu inatupendelea. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa vokali, na vokali ni tano tu, hivyo midomo saba inatosha: mmoja kwa kila moja ya a, e, i, o, u, mmoja uliofungwa kwa m, b na p, na mmoja wenye meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Binti anaposema "Baba amefika", mdomo unafungwa, unafunguka kwa a, unafungwa, a, a, unafungwa, e, meno kwa f, i, kisha a. Sikiliza sauti polepole, weka alama kwenye fremu ya kila vokali, na ubadilishe picha ya mdomo hapo. Mdomo usikae chini ya fremu mbili, la sivyo utaonekana kutetemeka. Mafunzo mengi ya lugha nyingine yanataka midomo kumi na zaidi, usijisumbue nayo.

Usiku wa dagaa katika Blender

Hapa ndipo sababu ya pili ya kuchagua hadithi hii inapoonekana. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, kwa kuwa taa zao ndizo zinazowavuta samaki na mwezi ukiwaka taa hazina nguvu. Anayesimama kilimani Mwanza usiku kama huo huona taa zimejipanga juu ya maji kana kwamba kuna mji mwingine huko. Kwa kompyuta dhaifu hakuna mandhari bora kuliko hiyo, kwa sababu giza halirendwi kwa shida, na kila kisichoangazwa na taa hakihitaji kutengenezwa.

Maji usiyatengeneze kwa mfumo wa kuiga vimiminika, ambao utaifunga mashine kwa siku nzima. Weka bapa moja kubwa jeusi linaloakisi, lipe mikwaruzo ya tekscha ya kelele (Noise Texture) yenye vipimo vinne (4D), na usogeze kipimo cha nne polepole kadiri fremu zinavyokwenda. Mwanga wa taa utavunjikavunjika juu yake kama ziwani. Mtumbwi utengeneze mmoja tu, kisha uunakili kwa Alt+D badala ya Shift+D: nakala za Alt+D hushirikiana umbo moja kwenye kumbukumbu, hivyo mitumbwi arobaini haiwi mizigo arobaini.

Miamba usiichonge. Ipo nje, mikubwa, ya bure. Ipige picha siku ya mawingu ili isiwe na vivuli vikali, iondolee usuli, iweke kama mabapa nyuma ya wahusika na uipunguze mwanga hadi ifanane na usiku. Na pale kamera inapokuwa imetulia, renda mandhari mara moja tu kama picha moja, kisha renda wahusika peke yao juu ya usuli wazi na uviunganishe wakati wa kuhariri. Kwa vipande vya namna hiyo fremu hushuka kutoka dakika hadi sekunde chache, na akiba yake utaitumia kwenye vipande viwili au vitatu ambavyo vinastahili uzito.

Blender ina injini mbili kuu za kurenda. EEVEE ni ya haraka na ndiyo iliyotumika kwa Flow. Anza nayo daima. Cycles hufuata mwanga kwa usahihi zaidi na huchukua muda mrefu. Ukiitumia, jua kwamba kiwango chake cha awali ni sampuli 4,096, yaani mara inazopima mwanga kwa kila pikseli, ambacho hakikuwekwa kwa ajili ya mashine yako; shusha hadi 64 au 128, punguza midundo ya mwanga kutoka 12 hadi 4, na washa kiondoa chembe (Denoise). Kiondoa chembe hushughulikia kila fremu peke yake, kwa hiyo sampuli zikiwa chache mno kuta na nyuso hupwitapwita filamu ikichezwa. Tazama sekunde mbili zikiwa katika mwendo kabla ya kuridhika. Ikiwa kadi yako ni ya zamani na Blender ya sasa inagoma kufunguka, matoleo ya nyuma yote yamehifadhiwa kwenye tovuti ya Blender.

Kabla ya usiku wa kipande chochote, renda fremu tatu: ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Chukua iliyochelewa zaidi na uilinganishe na ile namba ya ukutani.

Kurenda penye umeme unaokatika

Mwaka wangu wa kwanza nilirenda kipande kirefu moja kwa moja kuwa faili ya video. Saa kumi na moja alfajiri umeme ukakatika, na faili ile haikufunguka tena. Saa kumi na moja za kazi zilipotea, na sikuwa na fremu hata moja mkononi.

Tangu hapo sirendi video. Renda picha za PNG, moja kwa kila fremu, ndani ya folda ya kipande husika. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 97, 96 zipo salama. Fremu ya PNG ya ukubwa wa 1080 ikichukua takriban MB 3, filamu nzima ni kama GB 13, na diski ya zamani inabeba hizo kwa raha.

Katika sehemu ya Output ya Blender, zima alama ya Overwrite na uwashe ya Placeholders. Kuzima ya kwanza huifanya Blender iruke fremu ambazo tayari zipo. Ya pili huweka faili tupu kwa fremu inayoshughulikiwa. Ukiwa na kompyuta mbili zinazotumia folda moja kupitia mtandao wa nyumbani, zote mbili zitafanya kipande kimoja bila kugongana, kila moja ikichukua fremu ambayo mwenzake hajaigusa. Lakini uangalie hapa, kwa maana wengi hunaswa: umeme ukikatika, ile faili tupu hubaki, na ukianza tena Blender huiona na kuiruka, hivyo filamu inapata tundu. Kabla ya kuendelea, futa faili zote zenye ukubwa wa sifuri. Kwenye Linux, ukiwa ndani ya folda ya fremu, amri ni hii:

find . -name "*.png" -size 0 -delete

Kisha renda bila kufungua dirisha la Blender, jambo linaloacha RAM zaidi kwa kazi yenyewe (k07 ni kipande cha saba):

blender -b dagaa_k07.blend -s 1 -e 144 -a

Mpangilio wa herufi ni muhimu: fremu ya kuanzia na ya kumalizia hutangulia, na -a hukaa mwisho. Asubuhi zikiwa zimetimia 144, ziunganishe kuwa video kwa programu ya ffmpeg:

ffmpeg -framerate 24 -i fremu_%04d.png -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p k07.mp4

UPS ndogo haikusudiwi kurenda bila umeme. Inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu, na inaikinga mashine na mshtuko umeme unaporudi. Usichomeke kitu kingine humo isipokuwa kompyuta na skrini.

Faili ya kazi ihifadhi kwa jina jipya kila siku, dagaa_k07_01, dagaa_k07_02, na kila Jumamosi nakili folda yote kwenye diski ya nje, kisha diski hiyo ikae nyumba nyingine. Shangazi yangu wa Buzuruga ana diski yangu kabatini pamoja na vyeti vyake, na yeye huitunza vizuri kuliko mimi.

Kuhariri, ruhusa na onyesho la kwanza

Ukichanganya katuni na picha za simu, mambo mawili yatakuokoa. Simu nyingi hurekodi kwa fremu zisizo na kasi moja, na sauti huachana na picha taratibu. Pitisha kila video kwenye programu ya HandBrake na uchague kasi thabiti kabla ya kuhariri. Na taa zetu zinazotumia umeme wa hezi 50 hupepesa kwenye picha, hivyo weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde. Nje, piga kati ya saa moja na saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, kwa sababu hapa karibu na ikweta jua la mchana hukaa utosini na kuzika macho ya watu kivulini. Kdenlive ikisuasua, washa proksi, yaani nakala nyepesi za video unazohariri kwa muda. Programu itarudi kwenye video halisi wakati wa kutoa filamu.

Kuhusu ruhusa, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inahitaji kibali cha kutengeneza filamu, na filamu hukaguliwa na Bodi ya Filamu kabla ya kuonyeshwa hadharani. Anza kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa na kina taratibu zake. Muziki wa msanii usiuweke bila idhini yake ya maandishi, hata kama ni sekunde kumi; bora umwombe kijana wa mtaani apige ngoma, mkaandikiana.

Kabla ya kuipeleka filamu popote, itoe kwenye flashi na uombe kuionyesha katika kibanda umiza cha jirani, kabla mechi haijaanza. Skrini uliyotumia kuhariri iko karibu na macho yako na chumba chako kina giza. Televisheni ya kibandani imechoka, mwanga unaingia mlangoni, na usiku wako wa dagaa unaweza kuonekana kama ukuta mweusi wenye nukta nyeupe. Keti nyuma kabisa. Andika kila kipande ambacho uso wa binti hauonekani, na kila mahali ambapo anga la usiku linaonyesha mistari ya ngazi badala ya weusi laini. Ukirudi nyumbani, inua kidogo sehemu za giza katika vipande hivyo tu, na uongeze chembechembe hafifu juu ya anga ili mistari ipotee. Hakuna haja ya kurenda upya: fremu zako za PNG zipo, na marekebisho hayo hufanyika ndani ya Kdenlive kwa jioni moja.